Sista Anajibu: "Je, nilimuua?"

Mwezi huu barua zimekuja kama zimepangana, karibu zote ni za mgonjwa ambae haponi na watu waliomzunguka ambao hawajui waseme nini wala wafanye nini. Nimechagua tano. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi ni muuguzi niliyestaafu, miaka 31 wodini, kumi na moja ya mwisho kwenye tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mtu mateso hata kama ugonjwa wenyewe hauondoki. Sio daktari, na mgonjwa wako simwoni, kwa hiyo habari za vipimo na dozi muulize anayemwona. Mi naongelea yale yanayobaki mkishatoka ofisini kwa daktari.

Shikamoo sista. Mama yetu ana kansa ya kongosho, imeshasambaa kwenye ini. Daktari alituita watoto pembeni akatueleza, kaka mkubwa akamwomba asimwambie mama, tukakubaliana tuseme ni vidonda vya tumbo. Sasa kila nikibaki nae peke yangu ananiambia "we ndo mkweli humu ndani, hebu niambie naumwa nini", na mi nakimbilia kumletea maji ya kunywa. Nikisema nitagombana na ndugu zangu, nisiposema najiona mnafiki. Kitinda mimba

Marahaba mwanangu. Najua ungependa nimseme kaka yako, sitamsema. Anachofanya kinatoka kwenye mapenzi, tena sio yeye wa kwanza, madaktari wenyewe walikuwa hivohivo. Mwaka 1961 huko Marekani madaktari waliulizwa kama huwa wanamwambia mgonjwa kwamba ana kansa, karibu 90 kati ya kila 100 wakasema hapana. Swali lilelile likarudiwa, majibu yakachapishwa 1979, zaidi ya 95 kati ya 100 wakasema ndio, tunamwambia. Miaka 18 tu fani imegeuka juu chini! Dawa zilikuwa zimeongezeka, na huwezi kumpa mtu matibabu makali bila kumwambia ya nini, halafu wagonjwa nao walianza kudai. Kaka yako mpe muda, sema muda wenyewe mama hana mwingi.

Nikuulize wewe sasa: unadhani mama hajui? Mtu amepungua nguo zinamvuka, macho yamekuwa ya njano, watoto wananong'ona mlangoni wakiingia wanacheka cheka, halafu aamini ni vidonda vya tumbo. Niliwahi kuwa natandika kitanda cha mama mmoja wa namna hiyo, nimemgeuza ubavu amenipa mgongo, akaniuliza huku anatazama ukuta, "Sista, hawa wanangu wakiendelea kunificha hivi, mi nitamuaga nani?" Shuka nililiacha hapohapo nusu limetandikwa nusu limening'inia, nikavuta kiti. Alikuwa anajua kila kitu, hata jina la ugonjwa alilisoma kwenye faili walipomsukuma kwenda kupiga picha. Alinyamaza ili kuwalinda watoto, na watoto wakanyamaza ili kumlinda yeye.

Kwa hiyo siku akikuuliza tena usikimbilie maji na usimmwagie habari yote pia. Mrudishie swali, "Mama, wewe mwenyewe unaona ni nini?" halafu nyamaza, hapo ndo pagumu, kunyamaza. Atakwambia anajua kiasi gani na anataka kujua kiasi gani. Wapo wanaosema sitaki kusikia, ongeeni na mwanangu mkubwa, na hiyo nayo ni haki yake kabisa, mradi ameisema yeye. Kaka yako usimwendee na "lazima tumwambie", mwambie tumuulize anataka kujua au hataki, mara nyingi mtu mbishi hapo anapoa. Kisha rudini kwa daktari akae nae yeye mwenyewe, maana ukinibana niseme nani alikosea, ni yeye. Habari ya mwili wa mtu mzima mwenye akili zake alianza kuigawa kwa watu wengine kabla ya mwenyewe.

Sista, mi ni muuguzi, nina mwaka mmoja na nusu kazini. Zamu ya usiku kulikuwa na mzee wa kansa ya mapafu, anahema kama katoka kukimbia, ameshikilia ukingo wa kitanda. Mofini ya kunywa, ile dawa kali ya maumivu, ilikuwa imeandikwa kila baada ya masaa manne, alikuwa nayo wiki nzima, dozi ileile. Saa sita usiku nikampa kama chati inavyosema. Akatulia, akalala. Saa nane na kitu naenda kumwangalia ameshakata roho. Binti yake alinisimamisha mlangoni akaniuliza "ulimpa nini?" Tangu siku hiyo nikishika ile chupa mkono unatetemeka, na wiki iliyopita kuna mgonjwa nilimchelewesha kumpa makusudi. Je, nilimuua?

Hapana mdogo wangu, hukumuua. Naandika hivyo mwanzoni kabisa usije ukasoma huku roho imekuganda. Sasa kaa tuongee kikazi.

Mofini ikizidi mtu haanguki ghafla kama kapigwa rungu, ina njia yake. Kwanza usingizi mzito, unamwita haitiki vizuri, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, kisha ndo pumzi zinapungua, nane kwa dakika, sita. Usingizi unatangulia mbele ya pumzi, ndo maana tunafundishwa kumwita mgonjwa na kuhesabu pumzi kabla ya dozi. Na mtu akishakuwa nayo siku kadhaa dozi ileile, mwili unaizoea upande huo wa pumzi. Mzee wako alikuwa nayo wiki nzima, haijapandishwa, akaipata saa yake. Kilichompata usiku ule ni kansa ya mapafu. Ile kutulia uliyoiona ndo kazi ya dawa, kwa sababu mofini kidogo inapunguza ile hali ya kuona kama unazama wakati unahema, hata oksijeni mara nyingine haifiki hapo.

Na fikiria hili. Mgonjwa wa siku za mwisho anayepewa dawa kila baada ya masaa manne, lazima kuna dozi itakuwa ya mwisho, haiwezekani isiwepo, na lazima kuna mtu aliyekuwa zamu. Safari hii ulikuwa wewe. Angefariki saa tano kasoro ungekuwa unalia kwamba ulichelewa.

Hii ya kutoa kwa saa nayo ina historia yake. Kuna mwanamke wa Uingereza, Cicely Saunders, alianza kama muuguzi kama mimi na wewe, akawa ofisa ustawi wa hospitali, mwisho akaenda kusoma udaktari ukubwani, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's kule London, nyumba ya wagonjwa wa namna hii. Wakati ule desturi ilikuwa mgonjwa asubiri maumivu yarudi kwanza, aombe, ndo apewe, aombe tena. Yeye akashikilia kwamba dawa iende kabla maumivu hayajarudi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa maumivu ya kansa na mambo mawili makubwa yamo humo: kwa mdomo, na kwa saa. Kwa hiyo usiku ule ulipofungua chupa hukuwa unabahatisha.

Lakini najua swali lako sio la saa wala mboni. Unajiuliza moyoni nilikuwa nataka nini. Hilo ni swali la zamani kuliko mofini yenyewe, Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki, alilizungumzia karne ya 13 akiongelea mtu anayejihami: tendo moja linaweza kuzaa mambo mawili, moja ulilolikusudia, lingine uliloliona linaweza kuja ila hukulitaka. Wanamaadili wa tiba wanalitumia mpaka leo na wanaongeza sharti, kwamba dozi iendane na mateso yaliyopo. Huwezi kumpa mtu kipimo cha kuangusha ng'ombe halafu useme nilikusudia kumtuliza mguu. Mi nilikuwa na kipimo changu cha kienyeji nilichokuwa nawapa wanafunzi: jiulize, huyu akiamka asubuhi ametulia anaomba uji, utafurahi au utaona kazi haijaisha? Ukifurahi, ulikuwa unatibu. Ukiona haijaisha, ukarudi kuongeza, hapo ulikuwa unafanya kitu kingine. Wewe ungefurahi, barua yako yote inaonyesha ungefurahi.

Hicho kitu kingine, yaani kumsaidia mgonjwa afe kwa makusudi, kina sheria zake mahali kwingine, Uholanzi tangu 2002 kwa mfano, mgonjwa mwenyewe anaomba, daktari wa pili anaitwa, kila kitu kinaandikwa na kukaguliwa. Uwe unakubaliana nao au hukubaliani, hata huko sio jambo la mtu mmoja kuongeza matone usiku wakati wenzake wamesinzia. Tusichanganye.

Sasa nikugombeze. Yule uliyemchelewesha wiki iliyopita, huyo ndo kosa lako, sio mzee. Uliuogopa mkono wako ukamwachia mwingine alipe kwa maumivu. Nakuelewa kwa sababu nimelifanya. Mwaka wangu wa tatu kazini, hospitali siitaji, kulikuwa na mgonjwa presha yake ilikuwa chini kidogo, nikaogopa, mofini sikutoa. Aliguna mpaka kunakucha, mguno wa chini chini hivi, na alikuwa anauma kona ya mto. Asubuhi kwenye raundi daktari akaniambia umefanya vizuri kuwa mwangalifu. Hakuna aliyenihoji, sikujaza fomu yoyote. Dozi ikizidi kuna fomu, kuna kikao, kuna barua. Dozi isipotolewa hamna karatasi hata moja, mgonjwa peke yake ndo anajua. Kwa hiyo nenda kwa sista wako mkuu leo, sio kesho, mwambie mkono unatetemeka, mwambie na habari ya kuchelewesha, omba ukae na mtu mzoefu zamu mbili tatu. Kama wodi yenu kifo kikitokea usiku mnakabidhiana ripoti na kwenda nyumbani bila mtu kukaa na yule aliyekuwepo, hilo nalo liseme.

Kuhusu binti. "Ulimpa nini" ya mlangoni saa nane usiku mara nyingi sio shtaka, anataka kujua baba aliteseka au hakuteseka. Siku nyingine mwambie ndugu kabla, chupa ikiwa bado mkononi: hii ni ya kupunguza kuhema, ni dozi ileile ya jana, anaweza akalala, na hali yake ilivyo anaweza akaondoka usiku huu, na ikitokea itakuwa ni ugonjwa. Inachukua dakika moja na nusu, na huna haja ya kusubiri daktari ndo uiseme.

Sista, baba ana kiharusi kikubwa, siku ya 12 leo yupo ICU, wodi ya mahututi, kwenye mashine ya kupumulia. Jana daktari katuita akasema "ubongo umeharibika sana, familia amueni kama tuzime au tuendelee". Dada anasema atakayekubali ndo muuaji. Kwa kweli hatulali.

Poleni sana. Ningekuwepo kwenye hicho kikao ningemvuta daktari kanzu. Swali kaliuliza vibaya. Ukiwauliza watoto "mnataka tuzime" unawakabidhi kisu, na kila mmoja atakirusha kwa mwenzake. Kujua kama mashine bado inamsaidia au inarefusha tu kufa ni kazi ya daktari na hiyo hukumu aibebe yeye kwa mdomo wake, aseme "kwa maoni yangu haimsaidii tena". Nyie mnabeba kitu ambacho daktari hana, mnamjua mzee. Swali lenu ni moja, yeye mwenyewe angekuwa amekaa hapa anasikia haya angesema nini? Aliwahi kumtembelea mtu wa hali hiyo akarudi akasema neno? Wazee wanasemaga, tena mara nyingi njiani mkirudi. Anzeni na hilo na dada awepo.

Kabla ya yote muulizeni daktari swali hili: ubongo umekufa au umeharibika? Ni vitu viwili. Tangu kamati ya chuo kikuu cha Harvard, Marekani, ilipotoa vigezo vya kutambua ubongo uliokufa 1968 sehemu nyingi ubongo ukifa wote, shina lake likiwemo, mtu huyo amefariki ingawa mashine inapandisha kifua, hapo hakuna cha kuamua kuhusu kumuua. Kama umeharibika tu ila kuna sehemu inafanya kazi, ndo maamuzi yapo.

Na kumtoa mtu kwenye mashine sio kumziba pumzi. Kuna keisi inafundishwa kila mahali, Karen Ann Quinlan, binti wa miaka 21 huko New Jersey, Marekani, alizimia 1975 hakuamka tena, wazazi wake wakaomba atolewe kwenye mashine, hospitali ikakataa, mahakama kuu ya jimbo ikawakubalia 1976. Mashine ikatolewa, na binti akaendelea kupumua mwenyewe mpaka 1985! Miaka tisa. Wazazi hawakwenda kumkabili mtu yeyote wakidai mbona hajafa, waliendelea kumtunza na kumlisha kwa mpira, walichokuwa wameomba ni mashine imwache, kufa au kuishi hawakuliamua wao. Msomee dada yako hiyo.

Kimaadili wataalamu wengi wanasema kutoanzisha mashine na kuiondoa ni jambo moja, ila mkononi haviko sawa hata kidogo, nimesimama pale wakati wa kuondoa na najua. Ndo maana napenda utaratibu wa kuwekeana muda: tunaendelea siku tano, tunatafuta dalili hizi na hizi, zisipoonekana tunaacha. Mnajua mnasubiri nini. Mwombeni daktari awape hizo dalili kwa maneno ya kawaida na aandike kwenye faili, zamu zinabadilika. Na muulizeni mapema mkifika huko atapewa dawa gani asihangaike na pumzi, kwa sababu hiyo dawa inatakiwa iwe tayari kabla ya mashine kuguswa.

Wametuuliza kama moyo wa bibi ukisimama wamkandamize kifua au wamwache. Ana miaka 88, figo zimekufa, kansa imefika kwenye mifupa. Si tuseme ndio tu? Ina hasara gani?

Ina hasara. Kukandamiza kifua kwa mikono kulielezwa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1960, mmoja wa waliogundua alikuwa injinia wa umeme, sio daktari, na kilikusudiwa kwa moyo uliosimama ghafla kwa mtu ambae mwili wake bado una nguvu, kama ambae moyo wake umesimama akiwa kwenye usingizi wa upasuaji. Kwa hao kinaokoa kweli. Shida yetu ni televisheni. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walikaa wakatazama vipindi vitatu vya mambo ya hospitali, robo tatu ya waliokandamizwa walizinduka. Hospitali halisi anayetoka mzima mlangoni ni kama mmoja kati ya watano, hapo umechanganya wote, vijana kwa wazee, na mtu wa hali ya bibi yako yupo mbali chini ya hapo. Mifupa yenye kansa unaisikia ikivunjika chini ya kiganja, samahani kwa kusema hivyo ila mi nimeisikia. Bibi kama bado anaongea muulizeni yeye. Na mkisema wasimkandamize hakikisheni inaandikwa kwamba mengine yote yanaendelea, dawa ya maumivu, kugeuzwa, kuoshwa, maana wapo wafanyakazi wakiona hilo neno kwenye faili wanaanza kupita kitanda hicho haraka haraka.

Babu hali chakula tena, leo siku ya nne, anasinzia tu, wametoa na dripu. Shangazi anasema tunamuua kwa kiu. Nimjibu nini?

Mwambie shangazi babu hafi kwa sababu hali, hali kwa sababu anakufa. Mwili ukishaanza kufunga, njaa inaondoka, figo zinapunguza kazi, na maji ya dripu yanakosa pa kwenda, yanaingia miguuni yanavimbisha, yanaingia kifuani anakoroma. Kuna wakati dripu inafaa, kuna watu wachache inawapunguzia kuchanganyikiwa, kwa hiyo sio dhambi kumuuliza daktari mara moja zaidi. Ila kinachosumbua zaidi saa hizi ni mdomo kukauka, na hapo ndo shangazi ana kazi. Mpe kitambaa laini au sponji ndogo, achovye kwenye maji, akamue isidondoke, apitishe ndani ya mashavu na juu ya ulimi kila baada ya nusu saa hivi, ampandishe kichwa kidogo kwanza asipaliwe. Midomo apake kilainishi, na kama babu yupo kwenye oksijeni asitumie mafuta ya mgando ya petroli, aombe wodini kile cha maji maji.